Kwa nini fedha zako hazikai kwenye kompyuta moja

MFANYABIASHARA anayefika kwa wakala na kuambiwa "mtandao uko chini" huondoka akiulaumu mnara wa simu. Mara nyingi mnara hauna kosa lolote. Kati ya simu yake na salio la akaunti yake kuna kompyuta nyingi zinazopelekeana ujumbe, baadhi zikiwa mji mwingine na pengine nchi nyingine, na inatosha moja tu ichelewe kujibu ili yeye ashindwe kulipia mzigo wake.

Wiki hii tunaweka bei kando kidogo. Msomaji wa ukurasa huu anapouza hisa, anapotuma fedha za mahindi au anapolipa ushuru wa bandari, anategemea mpangilio huo wa kompyuta kuliko anavyomtegemea dalali wake, na ni haki yake aujue.

Wataalamu huuita mfumo wa kompyuta zilizotawanyika. Maana yake ni kompyuta kadhaa, kila moja ikiwa na kumbukumbu yake na saa yake, zinazofanya kazi moja kwa kutumiana ujumbe huku mteja akiona kama anahudumiwa na mtambo mmoja. Leslie Lamport, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Turing ya mwaka 2013, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, aliwahi kuueleza kwa utani mwaka 1987 kwamba ni mfumo ambamo kompyuta usiyojua hata kama ipo inaweza kuharibika na kuifanya ya kwako isifae kitu. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Kutoka kahawani hadi kwenye waya

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi madalali waliuziana hisa wakiwa wamekutana hotelini. Mwaka 1991 biashara ilihamia ukumbini, bei zikitajwa kwa sauti. Novemba 2004 umiliki wa hisa ulianza kuwekwa kwenye hifadhi ya kompyuta badala ya hati za karatasi. Septemba 2006 uuzaji wenyewe ukaanza kufanywa na mitambo, na Desemba 2007 madalali wakaunganishwa na soko moja kwa moja kutoka ofisini kwao, hivyo haikuwa lazima tena kumtuma mtu ukumbini. Miezi sita baadaye, Juni 2008, hisa za Safaricom ziliingia sokoni zikiwa zimeombwa na watu zaidi ya 800,000. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza Aprili 1998 kwa hisa za TOL, nalo liliingia kwenye mitambo mwaka 2006.

Watu wakiwa chumba kimoja, ubao ni mmoja na saa ya ukutani ni moja. Aliyetaja bei kwanza anajulikana, na akikana, mashahidi wapo. Oda zinapotoka ofisi ishirini kwa waya, swali la nani ametangulia linakuwa gumu, kwa kuwa saa za kompyuta mbili hazilingani kamwe kwa ukamilifu, na ujumbe uliotumwa kwanza unaweza kufika wa pili. Lamport huyo huyo aliandika mwaka 1978 kwamba katika mfumo wa namna hii hakuna "sasa hivi" moja inayowahusu wote, bali kuna utaratibu wa kujua lipi limesababisha lipi.

Masoko ya hisa yalikata shauri kwa njia ya busara. Ofisi za madalali, hifadhi ya hisa na benki zinazolipana zinaweza kutawanyika zitakavyo, lakini oda zote za hisa moja lazima zipite mlango mmoja, zipewe namba za foleni na kuoanishwa hapo. Kilichoachwa pamoja kimeachwa kwa makusudi.

Hesabu ya duka lenye majenereta mawili

Kwa nini basi watu wajisumbue kutawanya? Sababu kubwa ni kwamba kompyuta hufa. Chukua mtambo unaofanya kazi asilimia 99 ya muda wote. Unasikika kuwa mzuri, lakini asilimia moja ya mwaka ni siku tatu na zaidi ya nusu za kutofanya kazi. Ukiweka mitambo miwili ya aina hiyo, kila mmoja ukiweza kubeba kazi peke yake na kuharibika kwa mmoja kusihusiane na kwa mwingine, nafasi ya yote kuwa chini kwa wakati mmoja ni sehemu moja ya elfu kumi, yaani dakika 53 hivi kwa mwaka mzima. Mwenye duka la nyama aliyenunua jenereta la pili anaifahamu hesabu hiyo bila kuiandika.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili, ambao wauzaji wa mitambo hawautaji sana. Ikiwa huduma inahitaji kompyuta kumi tofauti zote ziwe hai, kila moja kwa asilimia 99, huduma yenyewe itapatikana asilimia 90 tu ya muda, na siku 35 za mwaka zitapotea. Kutawanya kunaokoa pale ambapo mitambo inaweza kushikiana nafasi. Pale ambapo kila mmoja anamngoja mwenzake, kunaumiza.

Kampuni ya Tandem ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1974, ilijipatia soko kwenye mabenki na masoko ya hisa kwa kuuza kompyuta zilizojengwa kwa jozi, moja ikianguka mwenzake anaendelea. Bei yake haikuwa ya mnyonge. Google ilifuata njia nyingine. Ilinunua kompyuta za kawaida kwa maelfu, ikakubali kwamba kila siku kutakuwa na zinazokufa, na mfumo wake wa kuhifadhi mafaili, uliotangazwa mwaka 2003, uliweka kila kipande katika nakala tatu kwenye mashine tofauti. Kwa mwenye mtaji, mabadiliko hayo yana maana kubwa. Uimara ulihama kutoka kwenye chuma ukaingia kwenye programu, na gharama ikashuka kiasi cha kampuni changa kuweza kuanza.

Sababu nyingine ni umbali. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, na hakuna mtaji unaoweza kuuongezea kasi. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, mitambo yake iliwekwa Ujerumani, na ilibaki huko hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya. Kwa miaka minane, mtu wa Eldoret akimtumia jirani yake shilingi 200, habari hizo zilivuka bahari kwenda Ulaya na kurudi kabla simu ya jirani haijalia. Sehemu moja ya kumi ya sekunde si kitu kwa mtumaji mmoja. Lakini kila mkongo ulio njiani ni mahali pengine pa kukatika.

Ujumbe uliopotea

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, na ndipo fedha za watu hupotelea.

Mwandishi wa makala haya alikuwa anamlipa mwenye lori kwa simu. Alibonyeza, akangoja, kisha ikatokea habari kwamba ombi halikukamilika. Mwenye lori alikuwa amewasha injini. Akabonyeza tena. Baada ya nusu saa ujumbe wa malipo uliingia kwa mwenye lori mara mbili, na ilichukua siku nne kuipata ile ya pili.

Tuangalie nini hutokea. Ukimtuma mtoto dukani na barua na asirudi, kuna mambo matatu. Huenda barua haikufika. Huenda ilifika, mwenye duka akatekeleza, na mtoto akapotea akirudi. Huenda pia mtoto anakuja, amechelewa tu. Wewe uliyekaa nyumbani huna njia ya kujua ni lipi kati ya hayo, na kompyuta nayo haina. Inachoweza kufanya ni kungoja kwa muda fulani, kisha kukisia. Maneno "ombi halikukamilika" mara nyingi yana maana ya "sijapata jibu", na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyomfanya mwandishi alipe mara mbili.

Dawa yake ipo na ni rahisi. Kila ombi lipewe namba yake ya pekee kabla halijatumwa, na likirudiwa lirudiwe kwa namba ile ile. Mtambo unaopokea ukiona namba iliyokwisha kutekelezwa, hautekelezi tena, unarudisha jibu la mwanzo tu. Ni sawa na hundi, ambayo hata ikipelekwa benki mara tatu hulipwa mara moja. Tatizo ni pale mteja mwenyewe anapoanza upya kwa kubonyeza, kwani mfumo unahesabu hilo kuwa ombi jipya lenye namba mpya. Kwa hiyo angalia salio na orodha ya miamala kwanza, hata kama injini inanguruma.

Kuna na hili la pande mbili. Unapouza hisa, hisa zinatoka katika akaunti yako na fedha zinatoka katika akaunti ya mnunuzi, na daftari hizo mbili ziko kwenye kompyuta mbili. Moja ikiandika na nyingine ikashindwa, mmoja wenu ameibiwa. Utaratibu unaotumika, ambao Jim Gray wa Marekani aliueleza mwaka 1978, una hatua mbili. Mratibu anauliza kila upande kama uko tayari, na aliyesema ndiyo anafungia mali hiyo isiguswe na mtu mwingine. Wote wakisema ndiyo, mratibu anaamuru waandike. Mmoja akisita, wote wanafuta. Udhaifu wake ni kwamba mratibu akianguka baada ya ndiyo zote kupatikana, pande zote mbili zinabaki zimefungia mali zikingoja amri. Hiyo ni mojawapo ya sababu za fedha kuonekana "zimeshikiliwa", hazipo kwako wala kwa mwenzako.

Nakala nazo zina kesi yake. Ukiwa na mitambo miwili inayoshika nakala moja na waya kati yake ukakatika, kila mmoja huona mwenzake amekufa na kujitangaza mrithi. Ndiyo maana mifumo makini huwa na nakala tatu au tano, na hakuna linaloandikwa bila wengi kukubali, mbili kati ya tatu au tatu kati ya tano. Waya ukikatika, haiwezekani pande zote mbili ziwe na wingi.

Lakini upande uliokosa wingi ufanye nini mteja akija? Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alisema mwaka 2000, na wengine wakathibitisha kihesabu mwaka 2002, kwamba wakati wa mkatiko huwezi kupata yote. Ama unamkatalia mteja ili daftari libaki sahihi, ama unamhudumia ukijua daftari zinaweza kupishana. Mashine za kutolea fedha za benki zinaweza kuchagua la pili kwa kiasi. Zikikosa mawasiliano zinatoa fedha hadi kikomo kidogo, na benki inameza hasara ikitokea. Ni uamuzi wa kibiashara kabisa, na anayeufanya anapaswa kuwa mwenye mali, si fundi peke yake.

Dakika 45 za Knight

Kisa ambacho kila mwekezaji anapaswa kukijua ni cha Knight Capital, kampuni ya udalali ya Jersey City, Marekani. Agosti 1, 2012, siku ya Jumatano, Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanza utaratibu mpya kwa oda za wawekezaji wadogo. Knight ilikuwa na kompyuta nane za kupeleka oda sokoni, na mafundi wake walikuwa wameweka programu mpya kwenye saba. Ya nane walisahau, na hakukuwa na mtu wa pili aliyetakiwa kukagua.

Kompyuta hiyo ya nane bado ilibeba programu ya zamani iliyoachwa kutumika mwaka 2003. Kwa bahati mbaya, alama iliyotumiwa kuamsha programu mpya ilikuwa ile ile iliyoamsha ya zamani. Soko lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za huko, kompyuta saba zilifanya kazi ipasavyo na ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kujua kwamba oda zimekwisha kujazwa. Oda 212 za wateja zilizaa mauzo zaidi ya milioni nne katika hisa za makampuni 154.

Kabla ya kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye kutaja hitilafu hiyo kwa wafanyakazi. Hazikushughulikiwa. Na waliposhtuka, katika hangaika ya kutafuta kosa waliondoa programu mpya kwenye zile saba zilizokuwa sawa, wakidhani ndiyo mbaya. Zote nane zikawa na ugonjwa. Katika dakika 45 hivi kampuni ilikuwa imejitwisha hasara ambayo siku iliyofuata ilitangazwa kuwa dola milioni 440. Hisa zake zilipoteza robo tatu ya thamani kwa siku mbili, wawekezaji wakaiokoa kwa dola milioni 400 siku chache baadaye, na mwaka 2013 ikaunganishwa na Getco. Mamlaka ya masoko ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 12.

Tokyo na New York

Oktoba 1, 2020 Soko la Hisa la Tokyo lilifungwa siku nzima, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu liingie kikamilifu kwenye mitambo mwaka 1999. Kifaa cha kuhifadhi kumbukumbu kiliharibika. Kifaa cha pili kilikuwepo, kimelipiwa, kimewashwa. Lakini mpangilio wa kuhamisha kazi kutoka cha kwanza kwenda cha pili haukuwa umewekwa sawasawa, na kazi haikuhama. Wakuu wa soko waliamua kutowasha upya kwa sababu oda zilizokwisha kupokewa zingevurugika. Rais wake, Koichiro Miyahara, alijiuzulu Novemba mwaka huo.

Linganisha na New York, Julai 8, 2015. Soko lilisimama kwa zaidi ya saa tatu na nusu kutokana na mabadiliko ya programu. Hata hivyo, hisa zilizoorodheshwa hapo ziliendelea kununuliwa na kuuzwa, kwa kuwa Marekani kuna masoko mengine yanayoruhusiwa kuziuza. Kule Tokyo jenereta la pili lilikuwepo lakini swichi yake haikuwahi kujaribiwa ipasavyo. Kule New York maduka mengine ya mtaa yalikuwa wazi.

Kwetu Afrika Mashariki duka mara nyingi ni moja, na wakati mwingine hata barabara ni chache. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora kwa siku kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Makampuni yaliyokuwa na njia mbili kwenye karatasi yaligundua kwamba zote mbili zinapita baharini upande ule ule. Oktoba 20, 2025 kituo cha Amazon cha jimbo la Virginia kilipata hitilafu katika orodha inayoelekeza kompyuta anuani za wenzake, na huduma za makampuni mengi duniani zikazimika pamoja. Makampuni hayo hayakuwa yameambizana. Kila moja ilikuwa imepanga kwenye nyumba ile ile.

Mwekezaji mdogo hawezi kukagua mitambo ya benki, lakini maswali anaweza kuuliza, hasa kwenye mkutano wa wanahisa ambako wakurugenzi wanalazimika kujibu mbele ya watu. Mitambo ya akiba iko wapi, na je, iko kwenye jengo au mji tofauti na ile mikuu? Mara ya mwisho mikuu ilizimwa kwa makusudi ili kuona kama ya akiba inashika kazi ilikuwa lini? Programu mpya inapowekwa, nani wa pili anayehakikisha kwamba imefika kwenye kila kompyuta? Mawasiliano yakikatika, mnamkatalia mteja au mnamhudumia hadi kikomo gani, na hasara ikitokea inaandikwa kwenye hesabu ya nani? Mkurugenzi akijibu kwamba mfumo wao haujawahi kuanguka, muulize tena lile swali la pili.

Kwa upande wa dalali wako, mpe oda yenye bei ya kikomo siku zote. Asubuhi ile ya Agosti 2012, hisa kadhaa za New York zilipanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia kumi bila habari yoyote nyuma yake. Aliyekuwa ameagiza kununua "kwa bei ya soko" angeweza kupata bei ya kompyuta ya nane.

Bei za wiki zinarudi katika toleo lijalo.